Barua kwa mwanangu: kwa nini wamenisimamishia dawa

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, wanakusimamishiaje dawa ile ile inayoizuia saratani? Au imerudi?" Nikakosa maneno. Nakujibu kwa kalamu, maana kwa sauti ningelia.

Haijarudi. Lishike hilo kwanza.

Saratani yangu ya damu ilitokana na kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, kubadilishana vipande. Hapo ikazuka protini inayozichochea seli zizaane bila breki. Imatinibu, ndiyo dawa yangu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizima protini hiyo. Zamani wengi wenye ugonjwa huu hawakumaliza miaka mingi. Kwa hiyo usiichukie dawa hii, nakusihi.

Ila haiishii kwenye protini hiyo peke yake. Hugusa pia kipokezi kiitwacho KIT, yaani protini ya kupokea ishara kwenye seli, ambacho seli shina, zile zinazozaa chembe za damu, hukitegemea. Halafu uboho wangu, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ulikuwa umejaa seli za ugonjwa, zile nzima zimesongwa pembeni. Dawa ilipofyeka za ugonjwa, nzima zilizobaki zilikuwa chache mno kuziba pengo. Damu kupungua miezi ya mwanzo huwapata wengi. Uboho kukauka kabisa ni nadra, na mimi nimo katika hao wachache.

Nilianza kuuona mswaki una damu kila asubuhi. Kisha vidoa vyekundu miguuni, vidogo kama ncha ya pini. Siku ya kipimo cha uboho nililala kifudifudi, wakanichoma ganzi nyuma ya nyonga. Daktari akavuta bomba la sindano, halikuja kitu. Akavuta tena, kavu. Ndipo akachomoa kipande cha mfupa, chembamba kama njiti ya kiberiti, akakitia kwenye kichupa. Nilikitazama sana kile kipande. Majibu yakasema mafuta yamekaa palipopaswa kuwa na seli za damu, na seli changa za saratani hazijaongezeka. Bila kipimo hicho tungebaki kukisia, kwa sababu ugonjwa ukizidi nao huweza kushusha damu.

Kwa kawaida nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi, zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita ya damu, au chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, chini ya 50,000, dawa husimamishwa. Hurudishwa nyutrofili zikifika 1,500 na chembe sahani 75,000. Hali ikijirudia, dozi hupunguzwa, mfano kutoka miligramu 400 hadi 300. Kwangu, kwa kuwa uboho umekauka, wanasubiri kwa uangalifu zaidi, na wamesema ipo dawa nyingine ya kujaribu baadaye. Kwa sasa naongezewa damu na chembe sahani.

Alhamisi napimwa tena. Ukiwa na mafua usije, nipigie tu. Na ukiwa hapa nikapata homa ya 38, hata usiku wa manane, usiningoje niseme niko sawa. Nipeleke hospitali.

Mama yako