Kumrudisha mpiga udi kwa kompyuta: jibu kwa ndugu wa Malindi

Ndugu wa Malindi umeuliza: una kaseti za harusi alizopiga marehemu babu yako, mpiga udi (ile ala ya nyuzi ya taarab), na umesikia kompyuta huwafanya marehemu wapige upya. Je, na babu?

Mimi niko Langoni, Lamu, napiga udi na nahamisha kaseti za taarab kwenye kompyuta. Ulilosikia ni kweli, ila lilifanyika kwa piano. Kampuni ya Marekani, Zenph, iliichambua rekodi ya 1955 ya mpiga piano Glenn Gould noti kwa noti: kitufe kilibonyezwa lini, kwa nguvu gani, kikaachiwa lini, pedali ilikanyagwaje. Vipimo hivyo vikapewa piano ya Yamaha inayojipiga, na CD ikatoka 2007, miaka 25 baada ya Gould kufariki. Yaliwezekana kwa sababu nyundo ya piano ikishagonga waya, mpigaji hana tena la kuifanya ile sauti ila kuikata au kuiacha ilie.

Udi, sauti ikishatoka, kidole kingali juu yake. Kinaiteleza, kinaitetemesha, kinaivuta hadi robo sauti, yaani milio iliyo katikati ya noti za piano. Risha nayo, kile cha kukwaruzia nyuzi, ikishuka ina mlio wake, ikipanda wake; ukipiga karibu na shingo ni laini, ukirudi nyuma inakaza. Hapo ndipo alipo babu yako, na hayo hayaingii katika vipimo vya kitufe na nyundo.

Tena kwenye kaseti ya harusi udi umefunikwa na mwimbaji, dumbaki na vigelegele. Programu kama Spleeter, iliyotolewa na Deezer 2019, hutenga sauti ya mtu, ngoma, besi na piano. Udi hutupwa kwenye fungu la "vinginevyo" pamoja na fidla. Hata hivyo itumie! Mwimbaji akiondolewa, utasikia majibu ya udi baina ya mishororo ambayo hukuwahi kuyasikia.

Lakini kwanza okoa kaseti. Yenye ukungu usiitie kwenye deki, itachafua kichwa chake kinachosoma utepe na kuharibu kaseti nyingine. Mpe anayejua kuisafisha. Zilizo safi, geuza taratibu skrubu ya kichwa cha deki mpaka milio ya juu ing'are, maana kila kaseti ilirekodiwa kwa deki yake. Rekodi kwa ubora wa biti 24, usianze na MP3 inayopunguza ubora. Kisha punguza mwendo hadi nusu bila sauti kuwa nzito, umkalishe kijana mwenye udi mkononi afuate risha ya babu mpaka aishike. Kama huna deki nzuri, njoo nazo Lamu, tutazihamisha pamoja.