Mlango unakoroma kila besi ikiingia: ninunue spika nyingine?

SWALI: Nina Toyota IST. Nilitoa spika zilizokuja na gari kwenye milango ya mbele, nikafunga mpya za inchi 6.5. Sauti za juu ni safi kabisa, lakini besi ikiingia mlango wa dereva unakoroma, hasa nikipiga singeli au amapiano. Nikipunguza sauti unanyamaza. Fundi anasema spika ni feki, ninunue nyingine na niongeze amplifaya. Kabla sijatoa hela, naomba ushauri wako. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, hela kaa nayo kwanza. Spika mbili zimenunuliwa pamoja, zimefungwa na mkono mmoja, ya kushoto haina neno na ya kulia inakoroma. Hapo mimi namshuku mlango kabla ya spika. Na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa na kubamizwa kuliko yote, na kioo chake ndicho kinachopanda na kushuka kutwa nzima. Kama mashine ya kioo iliwahi kutengenezwa, plastiki ya mlango ilishabanduliwa, na sina hakika kwamba klipu zote zilirudi mahali pake.

Anza bila kufungua kitu. Toa kila kilichomo kwenye mfuko wa mlango: sarafu, chupa, karatasi za bima. Egesha gari mahali penye utulivu, peleka sauti yote kwenye spika ya mbele kulia kwa kutumia balansi na feda ya redio (vidhibiti vya kugawa sauti kushoto na kulia, mbele na nyuma), kisha pakua kwenye simu programu yoyote inayotoa toni. Anzia Hz 200 (mitetemo 200 kwa sekunde) ushuke taratibu hadi Hz 40. Sauti iwe ya wastani, na usikae kwenye toni moja muda mrefu, kwa sababu toni isiyokatika huipasha koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) moto kuliko muziki wa kawaida. Utafika mahali mlango utaanza kukoroma wenyewe. Baki hapo, halafu bonyeza kwa kiganja sehemu moja baada ya nyingine: wavu wa spika, kona za chini za plastiki, mfuko, swichi za vioo, mkono wa kufungulia. Ukibonyeza mahali kelele ikakatika, umeshaipata. Pandisha na ushushe kioo pia. Kelele ikibadilika kioo kikishuka, basi kinacheza kwenye reli zake.

Sikiliza na aina ya kelele. Plastiki na vyuma hugongagonga, na hunyamaza ukivishika. Spika iliyoharibika hukwaruza, hata ushike mlango mzima kwa mikono miwili. Ukiwa na shaka, hamisha spika ya kulia uifunge kushoto. Kelele ikiifuata spika, fundi wako amesema kweli. Ikibaki kulia, spika haina kosa.

Sasa tufungue. Tafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya mkono wa kufungulia na kwenye mshikio wa kuvutia mlango, kisha bandua plastiki kuanzia chini kwa kifaa cha plastiki, si kwa bisibisi. Hesabu klipu. Iliyovunjika au kulegea nunua nyingine. Ni kitu cha bei ndogo mno kwa usumbufu unaoleta, na kuibandika plastiki kwa gundi badala yake ni kumtesa atakayeifungua kesho. Ndani utaona nailoni kubwa iliyogandishwa kwa utomvu mweusi. Usiitupe, ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari, lakini ikilegea hupiga makofi kila besi ikija. Irudishe igande pande zote. Kisha shika vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye kitasa na waya zote zinazoning'inia. Vinavyogusa bati vifunge tepu ya kitambaa au sponji, ila kitasa kibaki kinateleza bila kukwama.

Baada ya hapo angalia namna spika yenyewe ilivyofungwa, na hapa ndipo naona kazi nyingi zikiharibika. Spika za kiwandani kwenye Toyota nyingi huja zikiwa zimeumbwa pamoja na kitako chake cha plastiki, na hufungwa kwa ribiti. Ukiitoa, tundu linalobaki ni kubwa na halilingani na spika ya dukani. Inahitajika ringi ya kati. Fundi mwenye haraka hufunga skrubu mbili moja kwa moja kwenye bati, pembeni panabaki uwazi, na kazi inahesabiwa imekwisha.

Uwazi huo una gharama yake. Koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana kupitia uwazi, zinafutana, na kinachofutika zaidi ni besi. Wewe unayesikiliza unaona besi haitoshi, unaiongeza kwenye redio. Koni inatembea zaidi, bati linatikisika zaidi, na besi uliyoitafuta bado haipo. Kwa hiyo ziba. Chonga ringi ya plaiwudi ya marine yenye unene wa kama milimita 18, ipake rangi isinywe maji, weka sponji yenye gundi kati yake na bati, na nyingine kati yake na spika. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) siipendi ndani ya mlango, ikilowa inavimba. Kabla ya kukaza chochote, shusha kioo hadi mwisho uone kama kinaipita sumaku ya spika bila kuigusa.

Hapo hapo pima na polariti, yaani kama waya chanya na hasi zimekaa mahali pake. Chomoa soketi ya spika nyuma ya redio, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya za spika kwa kitambo tu, chanya kwa chanya. Koni iruke kuja nje, kulia na kushoto sawasawa. Moja ikiingia ndani, waya zake zimegeuzwa. Waya zilizogeuzwa hazileti mkoromo zenyewe, ila zinaua besi, nawe unarudi kulekule kwa kuongeza.

Bati lenyewe likigongwa kwa kidole na kulia kama debe, bandika vipande vya butili (mpira laini unaonata) yenye foili, unene wa milimita 2, katikati ya bati la nje, nyuma ya spika. Si lazima kufunika lote. Robo ya eneo, ikiwekwa pale bati linapotikisika zaidi, hutuliza sehemu kubwa ya mlio. Futa vumbi na mafuta kwanza. Kuna wanaouza lami ya kuzibia paa kwa kazi hii, na mimi naikataa: kwa jua letu inalainika, inanuka, na mwisho inateremka. Usizibe matundu madogo yaliyo chini ya mlango, hayo hutoa maji ya mvua na yakizibwa bati litaoza.

Lipo jambo moja ambalo halimo mlangoni. Umesema ukipunguza sauti kelele inakatika. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4, kwa volti 14.4 na spika za omu 4, kwa kawaida hutoa wati 18 hadi 22 halisi kwa kila spika. Ukipandisha besi kwa dB 6 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) unaidai nguvu mara nne. Haina, hivyo sauti inakatwa vichwa na inatoka ikichanika. Ila kwa kuwa kushoto kuko safi kwa sauti ileile, silioni hili kama chanzo chako kikuu. Hata hivyo rudisha besi kwenye sifuri, na kwenye menyu ya redio tafuta HPF (kichujio kinachopunguza sauti nzito zilizo chini ya kiwango unachokiweka) uiweke Hz 80. Koni ikitakiwa kutoa Hz 40 kwa ukubwa uleule wa Hz 80, inalazimika kutembea mara nne zaidi, na spika ya inchi 6.5 ndani ya mlango haina mwendo huo.

Kuhusu amplifaya, usiinunue sasa. Mlango unaokoroma kwa wati 20 utakoroma vibaya zaidi kwa 60. Ukimaliza haya na bado unatamani ule mzigo wa chini wa amapiano, fedha hiyo inunulie sabufa ndogo ya chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani, na milango uiache na HPF yake palepale kwenye Hz 80.