Binti wa Dada Yangu Ananitaka Niwe Shahidi wa Ndoa ya Siri

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Tanga. Binti wa dada yangu ana miaka 20, yuko mwaka wa pili chuoni, na tangu utotoni siri zake huniletea mimi. Anampenda kijana ambaye baba yake na shemeji yangu hawasalimiani kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Sasa imekuja posa ya mtu mwingine na shemeji ameipokea. Vijana wamepanga kufunga ndoa bomani bila wazazi kujua, na wananiomba niwe shahidi. Binti alinipa nisome Romeo and Juliet akaniambia, “Mama mdogo, hawa ndio sisi, na wakinilazimisha bora nife.” Nikisema, nitampoteza. Nikinyamaza, nitakuwa nimemsaliti dada yangu. Nifanye nini?

Marahaba, dada yangu. Nitaanza na maneno yale mawili ya mwisho ya binti, kwa sababu hayo hayawezi kusubiri ndoa wala posa. Katika tamthilia hiyo ya Shakespeare, ya vijana wa koo mbili zenye uadui wanaooana kwa siri na kuishia kujiua wote wawili, Juliet anakwenda kwa Padri Laurence akiwa na kisu mkononi na kumwambia waziwazi kwamba asipopata njia ya kuepuka kuozwa Paris, mposaji aliyekubaliwa na baba yake, atajiua. Padri ni mtu mwema, anawapenda wale watoto. Lakini anaposikia msichana ambaye hajatimiza miaka 14 akizungumzia kifo, anampa dawa ya kumfanya aonekane amekufa kwa saa 42. Hamwiti mtu mzima mwingine wala hakai naye usiku ule. Anamrudisha nyumbani peke yake na chupa. Wewe usifanye hivyo. Leo hii mwulize binti, kwa maneno yasiyozungukazunguka, kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakutampandikizia wazo hilo. Akikujibu ndiyo, au ukaona anasitasita, usimwache peke yake, mpeleke hospitali au kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwake, na umwarifu mama yake hata kama binti atakununia mwaka mzima. Siri nyingine zote ulizopewa zinaweza kujadiliwa. Hiyo huna ruhusa ya kuitunza.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Binti amekwambia kwamba Romeo na Juliet ni yeye na mchumba wake, nawe katika barua unajipima mara upande wake, mara upande wa mama yake, kana kwamba hakuna nafasi nyingine katika kisa hicho. Ipo, na nadhani ndiyo yako. Wewe ni yaya wa Juliet.

Mtazame vizuri mwanamke yule, kwa maana wasomaji wengi humchukulia kuwa mtu wa kuchekesha tu. Alizaa binti, Susan, aliyekuwa umri mmoja na Juliet, akafariki. Alimnyonyesha Juliet, na siku ya kumwachisha ziwa alijipaka mmea mchungu kwenye chuchu, kama mama zetu wanavyopaka shubiri. Ndiye aliyekwenda mchana wa Jumatatu kupokea ujumbe kwa Romeo, na ndiye aliyepeleka ngazi ya kamba. Ndoa ilipofungwa siku hiyo, watu waliojua mjini Verona walikuwa wanne: maharusi wenyewe, padri na yaya. Hata hivyo, saa chache baadaye Tybalt, binamu yake Juliet, anamuua Mercutio, rafiki yake Romeo, Romeo anamuua Tybalt, na mtawala wa mji anamfukuza Romeo, ambaye anakimbilia mji wa Mantua. Alfajiri ya Jumanne mama yake Juliet anaingia chumbani na kumtangazia kwamba Alhamisi ataolewa na Paris. Juliet anakataa. Baba yake, bwana Capulet, anaingia na kumtukana, anamwambia ataomba na kufa njaa barabarani. Yaya yuko palepale. Tena ana ujasiri, maana anamkemea bwana wake kwa kumfokea mtoto hivyo, anaambiwa anyamaze, bado anajibu. Lakini sentensi moja ambayo ingesimamisha kila kitu, kwamba binti huyu ni mke wa mtu tayari, haitoki kinywani mwake, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshiriki katika siri hiyo na ukweli umekuwa na gharama kwake.

Wazazi wanapotoka, Juliet anamgeukia amfariji. Yaya anamshauri aolewe na Paris, kwani Romeo mbele ya Paris ni tambara la kufutia vyombo. Mimi huwa naona kwamba msiba wa Juliet unaanza hapo na si kaburini. Alikuwa na mtu mzima mmoja ndani ya nyumba ile, na dakika ile hana tena. Kuanzia hapo hamwambii yaya neno la kweli.

Padri naye yumo katika shimo hilohilo. Alimwonya Romeo kwamba wanaokimbia hujikwaa, kisha akafungisha ndoa mchana uleule, akitumaini kwamba koo mbili zingepatana. Nia hiyo ilikuwa njema kweli. Lakini asubuhi ya Jumatano, Juliet anapokutwa kitandani kama maiti, padri anakuja kuwafariji wazazi wanaolia huku akijua kwamba mtoto wao yu hai. Fikiria hilo, dada yangu. Mtu mwema, kwa hatua ndogo ndogo za kuficha, amefika mahali pa kumtazama mama akimlilia mtoto aliye hai, na kumwambia anyamaze. Barua yake ya kumweleza Romeo mpango huo haikufika kwa sababu mtawa aliyeibeba alifungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni, na watu husema ilikuwa bahati mbaya. Ilikuwa bahati mbaya, ndiyo. Ila ni siri peke yake inayoweza kuifanya barua moja isiyofika iue watu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usiwe shahidi wa ndoa ya kificho, na pia usiende kwa dada yako kwa mlango wa nyuma. Anza na binti. Mwambie: “Mwanangu, sitasema uongo kwa ajili yako, wala sitakuacha ukabiliane na baba yako peke yako.” Mpe muda maalumu, wiki moja au mbili, wa kumweleza mama yake mwenyewe, nawe ukiwa umeketi pembeni. Akikataa, mjulishe mapema kwamba ukiulizwa utasema unachojua.

Mkumbushe pia mambo ambayo Juliet hakuwa nayo. Ana miaka 20, na kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania hahitaji idhini ya baba kuolewa, wala hakuna ndoa halali bila ridhaa yake mwenyewe. Shemeji amepokea posa, lakini kupokea posa si kufungisha ndoa. Sheria hiyo inawataka watarajiwa watoe taarifa siku 21 kabla, na taarifa hutangazwa, kwa hiyo siri ya bomani ni dhaifu kuliko wanavyodhani. Shakespeare alichukua kisa ambacho katika shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562 kilienda miezi mingi, akakibana katika siku tano hivi. Binti yenu ana wiki na miezi ambayo Juliet alinyimwa. Aitumie.

Kwa shemeji, usianze na mapenzi. Anza na posa: mwombe, mbele ya dada yako, asitoe jibu la mwisho hadi binti aulizwe ana kwa ana. Ugomvi wa kiwanja utafutiwe mzee ambaye pande zote mbili zinamheshimu, au upelekwe baraza la ardhi, lakini usichanganywe na habari ya mchumba siku hiyohiyo. Huenda shemeji akakasirika na kusema mambo mazito. Akimfukuza binti, nyumba yako iwe wazi kwake, na umwambie shemeji mapema kwamba iko wazi. Yaya wa Verona alikuwa mtumishi, hakuwa na mlango wa kumfungulia mtoto aliyemlea. Wewe unao.

Kuhusu binti kukununia, atakununia, na itakuuma. Mwombe kitu kimoja hata hivyo. Chukueni kitabu kile, mfungue onyesho la tano la sehemu ya tatu, yeye asome maneno ya Juliet nawe usome ya yaya, kwa sauti. Mtafika mahali Juliet anapomwuliza yaya kama anayasema hayo kutoka moyoni. Yaya anajibu kwamba ni kutoka moyoni na rohoni pia. Usilisome jibu hilo. Funga kitabu, mwangalie mwanao, kisha umpe jibu lako.