Gundi ya Nyuki Hukinga Nyanya, Haiponyi Zilizokwisha Kuugua

Msomaji mmoja wa Urambo ameniuliza kama gundi ya nyuki itaiponya bustani yake ya nyanya, ambayo nusu yake imekwisha kuliwa na bakajani, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani. Haiwezi. Ang'oe miche iliyougua na kuiteketeza, asirudie nyanya wala bilinganya kwenye matuta yale msimu ujao, na dawa ya gundi aianze majani ya chini yakiwa bado safi.

Nyuki hukusanya utomvu wa miti, wakauchanganya na nta na kuziba nyufa za mzinga. Hata panya akifia ndani, mzoga wasioweza kuutoa huupaka gundi hiyo usiwaozee. Ndani ya gundi mna flavonoidi na asidi za fenoli, yaani kemikali za asili za mimea, ambazo maabara zimeonyesha kuwa huzuia kuvu kadhaa za mimea, ikiwamo ile iletayo chule, ugonjwa wa madoa meusi, kwenye maembe. Lakini kuvu ikishazama ndani ya jani, gundi iliyo juu haiifikii.

Mimi nilianzia kwenye maembe, ambayo hapa Tabora huiva kwa wingi na kuingia madoa meusi kabla hayajapata mnunuzi. Muuza pembejeo mmoja alitangaza mbele ya wateja wake kwamba naokota uchafu wa mizinga, na neno lile linaniuma hadi leo. Hata hivyo, maembe niliyoyachovya kwenye dawa ya gundi yalibaki safi wakati mengine yakiharibika, na sasa majirani huniletea ya kwao. Nayasema haya kwa fahari, kwa sababu warina asali wengi bado wanatupa kitu chenye thamani.

Gundi haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo kuichemsha ni kazi bure. Igandishe kwenye jokofu, isage, kisha uiloweke katika alkoholi safi ya asilimia 70, sehemu 1 ya gundi kwa sehemu 10 za alkoholi, kwa wiki 2 hivi, ukiitikisa kila siku. Spiriti ya kuwashia jiko usiiguse, kwani ina sumu. Baada ya kuichuja, izimue kwa maji mengi. Itageuka nyeupe kama maziwa, nawe tikisa bomba mara kwa mara ili utomvu usizibe tundu. Jaribu mche mmoja kwanza, maana alkoholi ikizidi huunguza majani, na unyunyizie jioni nyuki wakiwa wamerejea.

Tafadhalini, vijana wenzangu, msikwangue mzinga wote. Chukueni ya kwenye mifuniko na fremu, ile ya mlangoni waachieni nyuki, na mzinga uliopakwa rangi msiuguse kabisa, maana rangi huchafua gundi.