Lainisha ombi, namba iache ilivyo

Kazi yangu ni ya maghala na usafirishaji hapa Dar, na kijana mpya akiletwa kwangu jambo la kwanza ninalomfundisha ni kuomba. "Nipe ile fomu" itakuweka benchi hadi jioni. "Kaka, naomba ile fomu" inakuja na maelezo ya ziada ambayo hata hukuyauliza, hasa kwa watu wasio chini yako: karani wa forodha, dereva, mhasibu anayejiandaa kwenda kula.

Kumsahihisha bosi kunataka ufundi zaidi. Mimi husema, "Samahani mkuu, naomba nieleweshwe hapa, naona kama idadi ya makontena haiendani na hati." Anaangalia, anajirekebisha mwenyewe, kikao kinaendelea. "Kama sijakosea" nayo inafaa, ila usiitumie huku karatasi yenye jibu umeishika mkononi; itasikika kama kejeli. Na bosi akisema "naomba ripoti saa nane", hilo si ombi, ni amri iliyovaa kanzu.

Tatizo ni pale upole unapohamia kwenye taarifa yenyewe. "Bosi, nilikuwa naona kama labda mzigo unaweza kuchelewa kidogo." Kumbe meli haijaingia hata bandarini! Sema hivi: "Samahani bosi, mzigo wa Ijumaa hautafika. Naomba tumjulishe mteja leo." Heshima ipo, na habari imefika nzima.

Wanaorusha ndege wanalijua hili kwa uchungu. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca iliyotoka Colombia ilizungushwa angani zaidi ya saa nzima ikisubiri kutua New York, ikaishiwa mafuta na kuanguka. Watu 73 walikufa. Rubani msaidizi alikuwa amewaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanakwisha, akaomba hata kipaumbele, lakini neno "dharura" halikutamkwa. Kwa hiyo tarehe, kiasi, fedha na hatari havipewi "labda", isipokuwa kweli huna uhakika, na hapo taja kabisa usichokijua ni kipi.

Ukijibiwa "nitajitahidi", usiondoke. Mara nyingi hiyo ni hapana ya kiungwana. Uliza kwa upole uleule: "Sawa dada, nikupigie saa ngapi?" Akishindwa kutaja saa, mshukuru, kisha tafuta mtu mwingine mapema.