Shangazi ananiuliza mimi mtoto wa nani

"Bibi, shangazi yangu ndiye aliyenilea Wete mpaka nikamaliza skuli. Mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Sasa yuko nyumba za wazee huku Unguja, mwaka wa tatu. Kila nikienda ananiuliza, 'Wewe mtoto wa nani?' Nikitoka nalia mpaka kituo cha daladala. Mume wangu anasema nijipumzishe, serikali inamlisha na inampa pensheni, na watu wakijua tuna mtu kule ni aibu. Kwani nikienda ndiyo iweje?" — Mpwa, Mwanakwerekwe

Mwanangu, tuanze na hiyo aibu maana haina maneno mengi. Watu wanajua. Kwenye nyumba za wazee, Sebleni, Welezo, na kule kwenu Limbani, majirani walishajua zamani nani wa nani. Wanachoangalia sasa ni kama unakwenda.

Pensheni jamii ipo kweli. Ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Lakini fedha haiwezi kumwambia mhudumu kwamba bibi huyu hapendi chai ya maziwa, wala kwamba akinyamaza ghafla ujue anaumwa. Hayo unayajua wewe uliyebebwa mgongoni mwake.

Mimi mama yangu mdogo alikuwa mahali kama hapo, sipataji. Nilikuwa nakwenda sikukuu tu, na umati wote ule wa Iddi, mabiskuti na masabuni na mapicha. Jumatano moja nikapita bila ya kupanga. Nikamkuta kavaa soksi, na joto lote lile. Nikamvua. Kisigino cha kushoto kimeshaanza kidonda, chekundu kama tungule. Wahudumu walikuwa wawili, wazee ukumbi mzima, na yeye hakuwa mtu wa kulalamika. Miezi yote ile nimekaa kitako namsubiri anitambue, kumbe ilitakiwa nimvue soksi.

Basi nenda siku ya kazi, asubuhi, akishakunywa chai na hajachoka. Mwangalie visigino, kiuno, kinywa. Chukua mkasi wa kucha na mafuta ya nazi. Halua, muulize kwanza mhudumu habari ya sukari. Kama alikuwa mtu wa tambuu mpelekee, lakini iponde, meno atakuwa hana. Na kikuba cha asumini, usikisahau. Mama mdogo alikuwa hasemi neno kutwa, nilipompa kikuba alikinusa, akakitia kifuani mwenyewe, akanitazama kama mimi ndiye niliyechelewa harusini.

Hilo swali linalokuliza, mbona ni salamu yetu! Mzee gani wa Pemba aliyewahi kukukaribisha barazani bila ya kukuuliza mtoto wa nani? Usimpe mtihani wa "Shangazi, mie nani?" Mwambie tu: wa kaka yako. Akiuliza tena, mwambie tena, na umtajie na bibi yako na mtaa. Utamuona anavyoitikia, ndio, ndio, nawajua wale.

Kulia utalia, sikudanganyi. Panda daladala na machozi yako, hutakuwa wa kwanza.

Na mumeo mchukue siku moja. Usimhubirie. Mpe mkasi, akate kucha za miguu.