Muulize Fundi: Ndege ya Mabawa Tisa

SWALI: Shikamoo Fundi. Kuna picha ya zamani inazunguka kwenye simu: ndege mfano wa jahazi, mabawa yamepangwa kama rafu za kabati, inaelea ziwani. Rafiki yangu anasema ni kazi ya kompyuta. Nimembishia, tukawekeana dau. Nani alipe? – Mbishi

JIBU: Marahaba. Alipe rafiki yako. Hiyo ni Caproni Ca.60, iliyojaribiwa mwaka 1921 kwenye Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Hesabu vizuri: mabawa matatu mbele, matatu katikati, matatu nyuma. Injini zilikuwa nane, za Liberty kutoka Marekani, kila moja nguvu za farasi 400. Muundaji wake, Gianni Caproni, alitaka ibebe abiria 100 na kuvuka Atlantiki.

Watu huyacheka hayo mabawa. Mimi siyacheki. Ndege nzito inayokwenda polepole haibebwi na bawa dogo, na bawa moja kubwa mno la mbao na kitambaa lingepinda. Caproni alikuwa ametengeneza ndege za vita zenye mabawa matatu, kwa hiyo akachukua alichokijua akakirudia mara tatu. Fundi yeyote angemwelewa. Gharama yake ni ule msitu wa nguzo na waya unaouona pichani. Kila waya unagombana na upepo.

Kinachonivutia mimi ni taa. Injini zilikuwa na mafundi wao huko huko juu, na rubani aliwapa amri kwa taa za umeme. Nimewahi kusimama kando ya injini moja tu ya ndege ikinguruma. Mwenzangu alinipigia kelele sikioni nisiambulie neno, tukaishia kuonyeshana vidole. Hao walikuwa na nane!

Ubovu wake naona ni mizani. Haikuwa na mkia kama tuujuao. Tarehe 4 Machi rubani Federico Semprini aliiondoa majini ikiwa na mifuko ya mchanga badala ya abiria. Pua ikainuka kupita kiasi. Akapunguza nguvu za injini, nyuma ikashuka ikapiga maji, kisha pua ikajibwaga na sehemu ya mbele ikavunjika. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba mifuko iliteleza kuelekea nyuma, nami naafiki: mzigo usiofungwa ni abiria mbaya. Semprini na wenzake walitoka salama. Caproni mwenyewe alikuwa bado njiani na gari lake. Alipofika alikuta mabaki.

Maboya mawili ya pembeni, kipande cha mbele cha kiwiliwili, injini moja, na ubao wenyewe wa taa wa kuwasiliana na mafundi vilihifadhiwa, vikaja kuwekwa kwenye jumba la makumbusho lenye jina la Caproni huko Trento, Italia. Mimi ningeanza kwa kuutazama huo ubao.